Skip, Shannon, Cowherd na biashara ya kuhama kati ya ESPN na FS1: nani alifaidi?

#1 Kasuku wa Ilala

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa NBA watu wameacha mechi, wanagombana kuhusu Skip Bayless na Shannon Sharpe, wale wabishani wawili wa televisheni ya michezo Marekani, nani alimbeba mwenzake. Hoja ni tamu ila pale inaharibu uzi wa watu, kwa hiyo naifungulia uwanja wake hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kuniparura aanze. Katika ile vita ya chaneli za michezo za Marekani, ESPN ya Disney na FS1 ya Fox, ya kunyang'anyana watangazaji, kituo kilichonunua hakikupata kilichokilipia. Walilipia watazamaji, wakaletewa mtu. Waliofaidi ni watangazaji wenyewe, na hasa wale waliokuja kuondoka baadaye, wakiwa na kipindi chao mfukoni badala ya jina tu.

FS1 ilifunguliwa tarehe 17 Agosti 2013, ikikalia nafasi ya Speed, chaneli ya mbio za magari. Mpango wa kwanza ulikuwa kuchangamsha watu. Wakawachukua Jay Onrait na Dan O'Toole kutoka TSN ya Kanada waendeshe habari za usiku kwa utani mwingi, wakampa marehemu Regis Philbin kipindi cha mchana. Cha Philbin hakikufika mwaka. Jay na Dan walirudi kwao TSN mwaka 2017.

Mwaka 2015 Fox wakabadili gia. Wakamweka Jamie Horowitz juu ya chaneli, mtayarishaji wa zamani wa ESPN, ambaye ndiye anayetajwa kuigeuza First Take, kipindi cha asubuhi cha ESPN, kuwa kipindi cha watu wawili kubishana mwanzo mwisho. Huyu hakuja kubuni kitu, alikuja na namba za simu za watu aliowahi kufanya nao kazi. Julai mwaka huo Colin Cowherd akaachana na ESPN baada ya maneno yake kuhusu wachezaji wa besiboli wanaotoka Jamhuri ya Dominika kuzua balaa. Septemba yuko hewani FS1, kipindi kilekile, jina lilelile, The Herd. Jason Whitlock naye akarudi Fox. Kisha 2016 ikafika zamu ya Bayless, mbishani wa First Take.

ESPN walijua anaondoka. Magazeti ya huko yaliripoti kwamba walikuwa tayari kufikia dau la Fox, zaidi ya dola milioni 5 kwa mwaka, na jamaa akakataa. First Take yake ya mwisho ilikuwa tarehe 21 Juni 2016. Akapotea kiangazi kizima, tarehe 6 Septemba akaibukia Los Angeles na Undisputed, Shannon Sharpe akiwa upande wa pili wa meza. Undisputed ikaanza saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani, First Take saa nne. Yaani walimpa nusu saa ya kutangulia ili akiwasha moto wa kwanza watu wasihame.

Watu wakahama. Au tuseme hawakuja. First Take ilimweka Max Kellerman kwenye kiti cha Skip, Januari 2017 ikatolewa ESPN2 ikapandishwa ESPN yenyewe, na Undisputed haikuwahi kuipita kwa takwimu za mwaka hata mmoja. Stephen A. Smith, mbishani mwenzake Skip pale First Take, ambaye hakuhama, mkataba wake wa 2025 umeripotiwa kuwa dola milioni 100 kwa miaka mitano.

Karibuni. Matusi yabaki kule kule.

#2 Mti Mkavu

Nimekaa mstari wa mbele. Ila mkuu umempita Shannon kama basi la mkoani linavyopita kituo kidogo. Bila Shannon, Skip asingemaliza miaka miwili pale.

#3 Dereva I-80

Wakubwa, mimi ni Mkenya niko Omaha, naendesha lori. Nyinyi mnaangalia klipu za dakika nne kwa YouTube halafu mnakuja kutuambia watu hawakufuata. Mimi nilifuata.

Wakati Cowherd alitoka ESPN mimi nilikuwa nikimsikiliza kwa redio kila siku, kuanzia saa za mchana hadi nipate mahali pa kuegesha. Alipoibuka Fox nilitafuta stesheni mpya siku hiyo hiyo. Madereva wenzangu walifanya vivyo hivyo. Kwa barabara kama hiyo ya Nebraska, saa sita mbele yako ni mahindi tu, sauti uliyoizoea huwezi kuibadilisha na sauti nyingine kwa sababu ya nembo ya kampuni. Sasa Kasuku nieleze, huyo Cowherd Fox walimlipia bure?

#4 Kasuku wa Ilala

Dereva, umenipa kitu. Redio tuitenge. Msikilizaji wa redio anachagua sauti, yuko peke yake na ile sauti. Televisheni ya asubuhi ni jambo lingine. First Take inaangaliwa na watu ambao hawakuichagua: iko kwenye skrini ya kinyozi, ya jimu, ya uwanja wa ndege, ya baa kabla wateja hawajaja. Mwenye jimu anawasha ESPN, anaweka rimoti kabatini. Skip akihama, rimoti bado iko kabatini.

Ndiyo maana The Herd iliweza kuishi Fox. Ilikuwa kipindi cha redio chenye kamera. Undisputed ilitegemea watu wanyanyuke wakabadilishe chaneli.

#5 Mama Zuwena

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye haya mambo ya Marekani, mpira wao siufuatilii kabisa. Swali langu ni la hela. Kwa nini kampuni ilipe mtu mmoja dola milioni 5 kwa mwaka akae mezani abishane, wakati hana haki ya kuonyesha hata mechi moja?

#6 Shemeji wa Taifa

Milioni 5 za dola kwa kusema LeBron James wa NBA anaogopa dakika za mwisho! Nitumieni namba ya huyo Horowitz, mimi nitasema kwa milioni 5 za Kibongo, na barakoa ya mbuzi kama ya Shannon nitajinunulia.

#7 Fundi Mitambo

Shemeji umechelewa, Horowitz alifukuzwa Fox Julai 2017.

Mama Zuwena, swali lako ndilo la msingi, na kwa kuwa nimeshika kamera za studio miaka mingi hapa mjini ngoja nikueleze kwa upande wa jikoni.

Kebo ya Marekani haifanyi kazi kama king'amuzi ambacho unachagua kifurushi kidogo cha wiki. Kwa miaka mingi mwenye nyumba alilipia furushi kubwa la chaneli kwa mwezi, na ndani yake ESPN ilikatiwa chake kutoka kila nyumba, iwe ya mtu anayependa mpira au ya bibi anayeangalia mapishi tu. Kiasi hicho kilifika zaidi ya dola 9 kwa nyumba kwa mwezi. Mwaka 2011 nyumba zenye ESPN zilikuwa karibu milioni 100. Zidisha mwenyewe. Fox waliona hesabu hiyo, wakataka nao wawe na chaneli ya michezo ya nchi nzima ambayo kampuni za kebo haziwezi kuikataa.

Sasa shida ni saa. Mechi kubwa ziko jioni na mwisho wa wiki, na haki zake zinanunuliwa kwa mabilioni. Jumanne saa nne asubuhi hakuna mechi. Una saa kumi za kujaza kila siku ya kazi. Filamu ni ghali, makala za uchunguzi ni ghali na zinachukua miezi. Watu wawili, meza, msimamizi mmoja katikati, kamera nne au tano, watafiti wachache wanaopanga mada usiku: hiyo ni saa mbili na nusu kila siku, mwaka mzima, na mada unaokota bure kutokana na mechi za jana ambazo hata hukuzinunua wewe. FS1 hawakuwa na NBA, lakini Undisputed iliishi kwa LeBron.

Ukiliangalia hivyo, milioni 5 za Skip zilikuwa bei ndogo. Kwa gharama ya mtu mmoja unapata asubuhi nzima ya chaneli.

#8 Mama Zuwena

Ahsante Fundi, sasa nimeelewa. Kumbe yeye ndiye mechi yenyewe.

#9 Nyota ya Goma

Ndugu zangu, niko Dallas, mji ambao Skip aliandika safu za magazeti miaka mingi kabla ya televisheni, na wazee wa hapa bado wanamkumbuka, wengine kwa hasira. Niruhusuni niseme ya Shannon, maana mnamfanya kama msindikizaji.

Shannon hakuletwa na Fox kutoka vijiweni. Ana pete tatu za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani, aliingia jumba la magwiji wa NFL mwaka 2011, na alikaa CBS kwenye kipindi cha Jumapili kuanzia 2004 hadi walipomwacha baada ya msimu wa 2013. Pale CBS alivaa suti na kusema sentensi mbili kisha tangazo. Undisputed ndiyo ilimfungua mdomo. LeBron akishinda, Shannon anaingia studio na barakoa ya mbuzi (GOAT, yaani bora kuliko wote), anaweka chupa ya Hennessy mezani na sigara zake za Black & Mild, Skip amekaa pale na uso wa mtu aliyeletewa bili isiyo yake. Hicho ndicho watu walikuwa wanatumiana kwenye simu. Mimi sikuwahi kuona mtu ametuma klipu ya Skip peke yake.

Halafu yakaharibika hewani, sote tukiona. Desemba 2022 walibishana kuhusu Tom Brady wa NFL, Skip akaugeuza mjadala kuwa wa Shannon na maisha yake ya uchezaji, Shannon akavua miwani. Ukimwona Shannon anavua miwani ujue. Tarehe 2 Januari 2023 Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya NFL ya Buffalo, akaanguka uwanjani, moyo umesimama, na Skip akaandika mtandaoni akiuliza mechi ile itaahirishwaje wakati ina uzito mkubwa kwenye msimu. Kesho yake Shannon hakutokea studio. Alipotokea siku iliyofuata alijaribu kueleza, Skip akamkatiza. Kuanzia hapo ilikuwa kuhesabu siku tu.

Tarehe 13 Juni 2023 aliaga. Alilia. Na katikati ya kulia alimgeukia Skip, akamshukuru, akasema yuko pale kwa sababu Skip alimpigania. Mtu aliyemkosea hewani miezi sita kabla. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na chai yangu, nikaiacha ikapoa.

Sasa sikilizeni sehemu ya biashara. Alipoondoka, aliondoka na Club Shay Shay, podikasti aliyoianzisha akiwa Fox. Akaipeleka kwa The Volume. The Volume ni ya nani? Ya Colin Cowherd, ambaye wakati huo huo anaendelea kufanya kazi FS1! Yaani mtu ametoka mlango wa mbele wa Fox, akapokelewa na mfanyakazi wa Fox mlango wa pembeni. Septemba akaanza First Take siku za Jumatatu na Jumanne, na siku ya kwanza kabisa akamwita Stephen A. "Skip". Januari 2024 akamhoji mchekeshaji Katt Williams, dunia nzima ikaangalia, na si ESPN wala Fox walioambulia kitu.

Kasuku, hapo nakubaliana nawe. Ila usiseme alihama. Shannon alihamisha.

#10 Kasuku wa Ilala

Nyota, mkono wako nauchukua. Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Na mwenzake ni Pat McAfee. Huyu alikuwa mpiga mateke wa Indianapolis Colts, timu ya NFL, akastaafu, akajenga kipindi chake na marafiki zake wamevaa fulana bila mikono. Mwaka 2021 FanDuel, kampuni ya kamari, wakampa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 120 kwa miaka minne. Mwaka 2023 ESPN wakamtaka. Zamani wangemwajiri, wangempa kiti Bristol, makao makuu yao, na mtayarishaji wa kumchunga. Safari hii walikodi kipindi. Kiasi kilichoripotiwa ni kama dola milioni 85 kwa miaka mitano, watu wake ni wake, studio ni yake, iko Indiana. ESPN wanakirusha tu. Aliwahi hata kumshambulia hewani mmoja wa mabosi wakubwa wa ESPN kwa jina, Januari 2024, na kipindi kikaendelea. Skip wa 2015 asingethubutu.

#11 Babu wa Loleza

Vijana mnaongea kana kwamba dunia ilianza 2015. Fox walishajaribu mchezo huu kabla hamjajua kuandika majina yenu.

Keith Olbermann aliondoka ESPN 1997 kwa ugomvi mkubwa, kiasi kwamba afisa mmoja wa ESPN alisema huyu hakuchoma madaraja, aliyamwagia napalm. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini Fox Sports Net wakamnyakua awe silaha yao dhidi ya SportsCenter, kipindi cha habari cha ESPN. Mwaka 2001 wakamwachia. Mwaka 2013 ESPN wakamrudisha, wakampa kipindi ESPN2 chenye jina lake, 2015 wakaachana tena, 2018 akarudi tena. Kaeni mhesabu wenyewe.

Huyo Max Kellerman mnayemtaja kama mtu wa kuziba pengo, yeye ndiye mwendeshaji wa kwanza wa Around the Horn, kipindi cha mabishano cha ESPN, 2002. Mwaka 2004 Fox Sports Net wakamchukua wakampa kipindi, I, Max. Hakikudumu. Huku nyuma ESPN wakamweka kijana mtunza takwimu wa PTI (Pardon the Interruption, kipindi chao kingine), Tony Reali, akakaa kwenye kile kiti hadi kipindi kilipofungwa Mei 2025. Miaka 21! Aliyehama hakufikisha mwaka, aliyeokotwa kushika kiti akapata umri wa mtu mzima.

Dan Patrick ndiye pekee wa zamani aliyeipatia. Aliacha ESPN 2007, hakukimbilia kwa mahasimu, akaanzisha chake na vijana wake nyuma ya kioo, kisha akawa anakikodisha kwa anayetaka: redio, DirecTV, NBC, Peacock. Hayo mnayoyaona kwa McAfee ni ya Patrick, isipokuwa Patrick anavaa mikono.

Na usajili mkubwa kuliko wote si wa Skip. Ni wa Al Michaels kubadilishwa na sungura.

#12 Chongo

Mzee hiyo chai. Sungura?

#13 Babu wa Loleza

Sungura wa katuni, Chongo. Februari 2006.

Al Michaels alikuwa sauti ya Monday Night Football, mechi za NFL za Jumatatu usiku, ABC. Kipindi kilikuwa kinahamia ESPN, nyumba moja na ABC chini ya Disney, naye alishasaini aendelee. NBC wakati huo wamepata mechi za Jumapili usiku, na wamemchukua John Madden, mwenzake wa kutangaza mechi kibandani. Al akataka kumfuata Madden. Ana mkataba, hawezi kuondoka hivi hivi. NBC wakaomba wauziwe.

Bob Iger, bosi wa Disney, badala ya kutaja fedha tu akataja Oswald. Oswald ni sungura aliyechorwa na Walt Disney mwenyewe na wenzake mwaka 1927, kabla ya Mickey. Haki zake zilikuwa za Universal, na Walt alipompoteza ndipo akamtengeneza Mickey mwaka uliofuata. Universal ikawa nyumba moja na NBC. Kwa hiyo Disney wakamtoa mtangazaji, wakapewa sungura wao baada ya karibu miaka 80, na juu yake ESPN wakaongezewa vitu vidogo kama siku ya Ijumaa ya Ryder Cup ya gofu.

Michaels mwenyewe alilicheka jambo hilo. Mimi ningedai angalau simba.

#14 Chongo

Nimekagua, ni kweli tupu. Naomba uzi ufungwe hapa, hakuna atakayeipita hii 😂

#15 Mti Mkavu

Usifungwe, mimi nina mkuki wa Kasuku.

Unasema kituo kinachonunua hakipati kitu. Mwaka 2022 ESPN waliwachukua Joe Buck na Troy Aikman kutoka Fox, waliokuwa pamoja kibandani miaka 20. Aikman aliripotiwa kupata kama dola milioni 18 kwa mwaka, Buck kama milioni 15. Monday Night Football ilikuwa imebadilisha watangazaji kama shati kwa miaka kadhaa, hakuna aliyekaa. Walipofika hao wawili ikatulia, ikasikika kama mechi kubwa. Hapo kituo kilipata au hakikupata?

#16 Kasuku wa Ilala

Kilipata heshima, na hilo silikatai, maana NFL wanataka mechi zao zisikike kubwa. Lakini Mti, mtu anafungua Jumatatu usiku kuangalia timu ya Kansas City, haji kwa ajili ya Aikman. Ukimweka mtu mwingine atalalamika mtandaoni na ataendelea kuangalia. Mtangazaji wa mechi na bingwa wa mabishano ni kazi mbili tofauti, na uzi wangu ni wa hao wa pili.

Ukitaka kunichoma kweli, njoo na Inside the NBA, kile kipindi cha uchambuzi cha TNT.

#17 Nyota ya Goma

Nakuja nayo mimi. Warner Bros. Discovery, wenye TNT, walipoteza NBA kwenye mkataba mpya wa miaka 11 wa karibu dola bilioni 76, uliokwenda kwa Disney, NBC na Amazon. Watu wakaanza kuomboleza: Ernie Johnson, Kenny Smith, Barkley na Shaq wanakwenda wapi? Jibu: hawakwenda popote. Kipindi kinarushwa ESPN na ABC tangu Oktoba 2025, lakini wanaokitengeneza ni wale wale TNT Sports, Atlanta, studio ile ile. Nao TNT wakapata mechi za chuo za Big 12 kama malipo. Hakuna aliyepakia hata sanduku.

Hapo watazamaji walifuata kipindi hadi kwa hasimu, Kasuku. Sema neno.

#18 Kasuku wa Ilala

Walifuata kipindi na mechi za NBA, vyote vikiwa mahali pamoja. Wangepewa Barkley bila NBA, tungejua ukweli. Lakini sawa, hii imenichubua.

#19 Mama Zuwena

Kuna jambo mmelipita wote. Nimeangalia klipu mlizoweka. Katikati ya wanaume wawili kuna mwanamke kila mara, na hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja. Yeye hahami?

#20 Fundi Mitambo

Anahama, dada, ila bila ngoma. Joy Taylor alikuwa msimamizi wa Undisputed tangu siku ya kwanza 2016, mwaka 2018 akapelekwa kwa Cowherd, Jenny Taft akakaa mahali pake. Baadaye Joy akapewa kiti kamili kwenye Speak, na Julai 2025 Fox wakaifuta Speak pamoja na vipindi vingine viwili, Breakfast Ball na The Facility, kwa mpigo mmoja. Molly Qerim alisimamia First Take kwa miaka kumi, akaondoka Septemba 2025. Mwaka ule ule ambao Stephen A. alimwaga wino wa zile milioni 100. Michelle Beadle aliondoka ESPN kwenda NBC 2012 akiwa jina kubwa, NBC wakamtengenezea kipindi kisichofika mbali, 2014 akarudi ESPN.

Kazi ya msimamizi ni ngumu kuliko mnavyodhani. Sikioni ana mtayarishaji anamhesabia sekunde za tangazo, mbele ana watu wawili ambao hawataki kunyamaza, na lazima akate bila kuonekana anakata. Mwanaume anayepiga kelele anaandikwa gazetini kuwa amesajiliwa. Yeye anaandikwa "pia".

#21 Shemeji wa Taifa

Fundi, swali la mkataba. Hapa Dar mtangazaji wa michezo akihama redio moja kwenda nyingine, tunasikia amezuiwa kusema neno hadi mwezi uishe, mara anasikika kesho yake. Kule sheria ikoje? Wanaweza kukuzuia usiende kwa mahasimu?

#22 Fundi Mitambo

Mkataba ukiwa hai, wanakubana: kuna kipindi cha wao kuzungumza nawe kwanza, kuna haki ya kufikia dau la mwingine. Ukiisha, ni ngumu. ESPN iko Bristol, Connecticut, na jimbo hilo lina sheria inayokataza mikataba ya utangazaji kumfungia mtu asifanye kazi kwingine baada ya kuondoka. Los Angeles walipo Fox ni California, na California haitambui kabisa vifungo vya namna hiyo. Kwa hiyo hawa mahasimu wawili wanakaa kwenye majimbo yanayompendelea anayehama.

Mfano wa karibu: Juni 2023 ESPN waliwapunguza watu kama 20 wa mbele ya kamera, wakiwemo Kellerman, Jeff Van Gundy na Keyshawn Johnson. Agosti mwaka huo huo Keyshawn akakaa mbele ya Skip kwenye Undisputed mpya iliyokuwa inatafuta mtu wa kuziba nafasi ya Shannon, pamoja na Richard Sherman na Michael Irvin. Watu watatu kuziba kiti kimoja. Kipindi cha mwisho cha Skip kilikuwa tarehe 2 Agosti 2024.

#23 Dereva I-80

Sasa nisaidieni mimi niliye huku. Kebo nimekata, bei imekuwa ya wazimu. Nikitaka ESPN na FS1 zote kwa simu bila kebo, ni pesa ngapi?

#24 Kasuku wa Ilala

Huduma zao za mtandaoni zilianza siku moja, 21 Agosti 2025. ESPN peke yake ilianza kwa dola 29.99 kwa mwezi, Fox One, yenye FS1 ndani, kwa dola 19.99. Na tangu Oktoba hiyo wakaanza kuziuza zote mbili kwa pamoja, dola 39.99.

#25 Dereva I-80

Ngoja. Hawa waliokuwa wananyang'anyana Skip sasa wanauza kwa risiti moja?

#26 Kasuku wa Ilala

Risiti moja, boss. Skip mwenyewe yuko YouTube, bure.

#27 Mti Mkavu

Bure na matangazo ya kamari kila ukipepesa macho. Dereva, baki na redio.